Mche, fundi au mwana wa watu: kumchagulia mtoto chekechea Dar es Salaam

Mdogo wangu anaishi Tabata na ana binti wa miaka minne. Novemba, msimu wa fomu ulipowadia, alinitumia picha tatu kwenye simu: geti la shule ya mchepuo wa Kiingereza yenye basi la njano, kibao kilichoandikwa Montessori kwenye nyumba ya kawaida yenye mwembe uani, na shule ya msingi ya serikali yenye darasa la awali, hatua chache kutoka kwake. Chini ya picha akaandika: "Dada, wewe ndiye mwalimu. Nimpeleke wapi?"

Nimefundisha awali miaka 19, na 12 kati ya hiyo nilikuwa Temeke. Nikamjibu kwa swali: kwako wewe, mtoto ni nani? Akaudhika kidogo, akasema ameuliza shule, hakuuliza falsafa. Nilimwelewa, maana ada ni hela, na hela inatafutwa. Lakini kila shule kati ya zile tatu imeshalijibu swali langu, hata kama mwenye shule hajawahi kulitamka. Jibu liko kwenye urefu wa rafu, kwenye namna mwalimu anavyompokea mtoto aliyejikojolea, kwenye kinachofuata mtoto akisema "sitaki". Mzazi analipia jibu hilo pamoja na yunifomu.

Kwa hiyo nimeyaweka majibu makubwa kando kwa kando, kwa ajili yake na kwa ajili ya mzazi mwingine yeyote aliyeshika fomu. Nadharia zinazomweka mtoto katikati ya elimu huzungumzwa kama vile ni kitu kimoja. Zinakubaliana kwamba mtoto si mtu mzima aliyepungua, na kwamba utoto ni maisha kamili yenye akili yake, mwendo wake na haja zake. Baada ya hapo kila moja inashika njia yake, na mzazi anayechagua anapaswa kutazama pale zinapoachana.

Udongo na mche

Sisi tulilelewa ndani ya picha ya udongo. Udongo uwahi ungali maji. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika methali zote hizi mkono unaofanya kazi ni wa mtu mzima, mtoto anafinyangwa. Ulaya nako walikuwa na picha inayofanana na hiyo: mwishoni mwa karne ya 17 Mwingereza John Locke aliifananisha akili ya mtu anapozaliwa na karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu. Mtu asidhani picha hii ni ya ukatili. Locke huyohuyo, katika mawaidha yake ya malezi ya mwaka 1693, alipinga kuchapa watoto hovyo, akashauri herufi zibandikwe kwenye dadu ili mtoto ajifunze kusoma akicheza. Udongo ukiwa mikononi mwa mfinyanzi mpole hutoa chungu kizuri. Ila mfinyanzi hauulizi udongo unataka kuwa nini.

Aliyeigeuza picha hiyo ni Jean-Jacques Rousseau, mzaliwa wa Geneva, katika kitabu chake cha mwaka 1762 kuhusu kijana wa kubuni aitwaye Émile. Kwake mtoto huzaliwa mwema, na watu ndio wanaomharibu. Kazi ya mlezi mpaka mtoto afike miaka 12 ni kumlinda zaidi kuliko kumjaza. Hata vitabu visubiri. Mtoto akivunja dirisha la chumba chake, asichapwe wala kuhubiriwa. Aachwe alale na upepo, upepo utamwambia. Hapo Rousseau anakutana na methali yetu moja ambayo haifanani na zile za ufinyanzi: mtoto akililia wembe, mpe. Wazee waliosema hivyo hawakumkunja samaki. Waliuacha wembe ufundishe.

Wazazi wanaompenda Rousseau huwa nawakumbusha mambo mawili. Watoto wake mwenyewe watano aliwapeleka kwenye nyumba ya watoto waliotupwa. Na Sophie, msichana wa ndani ya kitabu hicho, analelewa ili aje amfae Émile. Utoto aliouimba Rousseau ulikuwa utoto wa mvulana. Mwenye binti asome akijua hivyo.

Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefiwa na mama yake kabla hajatimiza mwaka, aliichukua picha ya mche akaijengea nyumba. Mwaka 1837 alifungua mahali pa watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akapaita bustani ya watoto. Mwalimu akawa mtunza bustani: anamwagilia, anapalilia, anangoja. Umbo la mti liko ndani ya mbegu tayari, na hakuna mtunza bustani anayeuvuta mche ili urefuke. Wazazi wetu walizoea kuziita shule hizi shule za vidudu. Walisema kwa mapenzi, najua, lakini tazama tofauti: huyu anaona kidudu, yule anaona mche. Mwaka 1851 serikali ya Prussia, dola kubwa ya Wajerumani wakati huo, ilizipiga marufuku bustani hizo za Froebel, na zuio likakaa karibu miaka 10. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapoambiwa kwamba habari za chekechea ni mambo madogo ya akina mama. Serikali nzima iliogopa nyimbo, mipira ya uzi na vipande vya mbao.

Fundi

Maria Montessori alikuwa daktari. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua Nyumba ya Watoto yake ya kwanza katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi maskini waliokuwa wakishinda peke yao wazazi wakiwa kazini. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu hapa mjini jina lake limekuwa kama jina la mtaa wa matajiri, mtu akilisikia anawaza Masaki na Oysterbay. Lilizaliwa uswahilini.

Alichokiona pale kilimshangaza hata yeye. Watoto waliacha midoli waliyoletewa wakakimbilia kazi za kweli: kufuta meza, kumimina maji bila kumwaga, kufunga na kufungua vifungo. Akahitimisha kwamba mtoto ni fundi, na kitu anachokijenga ni yeye mwenyewe. Hakuna mtu mzima anayeweza kumfanyia kazi hiyo. Mtu mzima anaandaa mahali: rafu fupi anazozifikia, viti vyepesi anavyovibeba, glasi ya kioo inayoweza kuvunjika, na muda mrefu wa asubuhi usiokatwakatwa na kengele. Watoto wa miaka mitatu hadi sita wanakaa chumba kimoja, mkubwa anamwonyesha mdogo. Vifaa vyenyewe humwambia mtoto amekosea wapi. Kimojawapo, mnara wa waridi, una michemraba 10, wa kwanza sentimita 1, wa mwisho sentimita 10. Ukiupanga vibaya unauona umepinda, huhitaji mwalimu wa kukusema.

Sasa uweke mche na fundi kando kwa kando. Froebel anampa mtoto mpira wa uzi, na mpira unakuwa jua, unakuwa yai, unakuwa kuku. Montessori anampa mnara, na mnara unabaki mnara. Hakupenda watoto wadogo walishwe hadithi za mazimwi kabla hawajaijua dunia ilivyo, na alikuwa na hoja: kwa mtoto wa miaka mitatu dunia yenyewe bado ni ajabu ya kutosha. Hapo mimi simfuati. Mtoto aliyekulia kwenye "Paukwa!" na "Pakawa!" anajua vizuri sana kwamba sungura haongei. Anapomcheka fisi anajifunza ulafi ni nini, na anajifunza akiwa ameegemea paja la bibi yake. Shule ya Montessori ninayoiheshimu ni ile inayopanga vifaa vyake vyote halafu inatenga nusu saa ya hadithi.

Mwenyeji

John Dewey, mwanafalsafa wa Kimarekani, alianzisha shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896. Anasimulia kwamba alizunguka maduka akitafuta meza na viti vya watoto wake asivipate, mpaka muuzaji mmoja akamfungua macho: wewe unatafuta vitu vya mtoto kufanyia kazi, na hivi vyote ni vya kusikilizia. Tangu nilipokisoma kisa hicho siwezi kuingia darasani bila kuyatazama madawati. Yamepangwa watoto waonane, au wote wauone ubao tu?

Kwa Dewey mtoto si mche unaokua peke yake wala fundi aliyeinamia kazi yake. Ni mwenyeji wa jamii leo hii, haisubiri jamii mpaka akue. Shuleni kwake walipika, walifuma, walichonga mbao, na hesabu ikajileta yenyewe pale unga ulipopaswa kupimwa. Wengi walimshika vibaya, wakadhani kumweka mtoto katikati ni kumwacha afanye anavyotaka. Mwaka 1938, akiwa mzee, aliwajibu katika kitabu kizima: si kila jambo linalompata mtoto linamfundisha, na mwalimu aliyejitoa ameikimbia kazi yake.

Mtoto akikosea

Hapa ndipo tofauti inapoonekana kwa macho, na hapa mzazi akae dakika kumi atazame. Nilimfanyia binti wa mdogo wangu jaribio la Jean Piaget, Mswisi aliyetumia maisha yake kusikiliza majibu yasiyo sahihi ya watoto. Nilimimina juisi ya ukwaju kwenye vikombe viwili vinavyolingana, akakubali zimekuwa sawa. Kisha mbele ya macho yake nikahamishia kikombe kimoja kwenye glasi ndefu nyembamba. "Ipi nyingi?" Akaonyesha glasi. "Hii nyingi, mama mkubwa. Imefika juu." Nikairudisha kikombeni, akasema zimekuwa sawa. Nikaipeleka tena kwenye glasi, ikawa nyingi tena, naye hakuona tatizo lolote.

Mama yake aliona aibu. Nikamwambia hakuna cha kuonea aibu. Watoto wengi chini ya miaka kama saba hujibu hivyo, kwa sababu akili yao inashika kitu kimoja kwa wakati, kimo, na bado haijaweza kukishika kimo na upana pamoja. Jibu lake lina mantiki, ila ni mantiki ya miaka minne.

Katika shule ya udongo, jibu hilo linapigwa mkasi kwa kalamu nyekundu na mtoto anakaririshwa lililo sahihi. Atalisema, lakini hatalielewa. Katika shule ya fundi mwalimu ananyamaza na kumwachia vyombo vya maumbo tofauti amimine wiki nzima. Katika shule ya mwenyeji swali linarushwa kwa wenzake, wabishane. Mtunza bustani anangoja tu, na kwa kosa la aina hii hajakosea, maana umri wenyewe utalileta jibu.

Yako pia makosa ya tabia, na hapa nitasema bila kuzunguka. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa ruhusa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari. Fimbo iliyolala juu ya meza ya kila mwalimu wa bebi klasi haiko hata ndani ya kanuni hizo. Rousseau, Froebel, Montessori na Dewey hawakubaliani katika mambo mengi, lakini ukiwaita wote chumba kimoja, hakuna hata mmoja atakayempa mtoto wa miaka minne fimbo. Mzazi akiiona mezani aondoke na fomu yake.

Mtoto akicheza

"Wanacheza tu" ndilo lalamiko nililolisikia mara nyingi kuliko yote katika miaka 19. Katika picha ya udongo mchezo ni mapumziko. Kengele inalia, kazi inaanza tena. Kwa Froebel mchezo ndio kazi ya juu kabisa ya mtoto. Montessori alilipunguzia neno lenyewe hadhi, akapenda kuita kazi kile ambacho wengine wanaita mchezo. Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, alisema jambo ambalo mimi nimelithibitisha chini ya mwarobaini wa Temeke: mtoto akicheza huwa mrefu kuliko yeye mwenyewe kwa kichwa kizima.

Nilikuwa na mvulana ambaye hakuweza kukaa dakika tatu. Alipanda madawati, alichomoa kalamu za wenzake, alitoka bila ruhusa. Siku moja nje watoto walikuwa wakicheza mama ntilie. Matope ndiyo ugali, majani ya mwarobaini ndiyo matembele, visoda ndiyo hela. Yeye akawa mteja. Nilisimama mbali nikamwona amepanga foleni. Foleni! Alingoja zamu yake nyuma ya wateja wanne, akatoa visoda viwili, akaambiwa wali ni visoda vitatu, akarudi kutafuta kimoja, akaja akapanga tena nyuma. Kungoja, kuhesabu, kukubali kukataliwa, vyote ambavyo sikuweza kumfundisha kwa sauti yangu yote, alivifanya bila kusukumwa kwa sababu mteja hufanya hivyo na yeye alikuwa mteja.

Tangu siku ile niliingiza mgahawa darasani. Mtaala wetu wa awali unazitambua kona za ujifunzaji, na kona yangu ya duka ilikuwa na visoda, maboksi matupu ya majani ya chai na mizani ya kamba. Mzazi ukitembelea shule, usiishie kuuliza kama kuna muda wa michezo. Tafuta mchezo wa kuigiza, tazama nani ameupanga. Ukiona mwalimu ndiye anayegawa kila nafasi na kila neno, hapo hakuna mchezo, kuna maonyesho.

Kusoma

Hili nitalipitia upesi. Shule za Waldorf, zilizotokana na ile aliyoifungua Rudolf Steiner mjini Stuttgart mwaka 1919, zinangoja mpaka karibu miaka saba. Montessori anampa mtoto wa miaka minne herufi za msasa azipapase kwa vidole, na kuandika kunatangulia kusoma. Mfumo wetu una mwaka mmoja wa awali, halafu darasa la kwanza na la pili yanabeba KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Wote wanaweza kuwa sahihi, maana kinachoamua ni lugha na hamu ya mtoto. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anayezijua a, e, i, o, u na konsonanti chache anasoma "mama" na "embe" bila mtego. Mtoto huyohuyo akianzishiwa kwa Kiingereza asichokisikia nyumbani anakutana na herufi moja yenye sauti tatu na neno asilolijua maana. Sikatai Kiingereza. Nakataa kianzishwe kwa kumnyamazisha mtoto lugha anayoiotea ndoto.

Mwana wa watu

Nadharia hizi za Ulaya na Marekani zina pengo moja, na pengo hilo ni letu kulijaza. Zinasema mtoto awe katikati, halafu zinamwonyesha akiwa peke yake pale katikati. Kwetu mtoto ana watu. Ana bibi anayemtania, mama mkubwa na mama mdogo, shangazi, jirani anayemfokea kwa haki kabisa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 una ibara ya 31 inayotaja wajibu wa mtoto kwa familia na jamii yake, kitu ambacho mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka mmoja kabla haukukiandika hivyo. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataja wajibu huo. Mtoto wa miaka minne akitumwa chumvi kwa jirani anaambiwa jambo kubwa: tunakutegemea.

Mwalimu Nyerere, ambaye alifundisha Pugu kabla siasa haijamchukua, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Alilalamika kwamba shule inamtoa mtoto kwenye jamii yake na kumfundisha kuwadharau wazee wasiosoma. Alitaka shule iwe jamii yenye shamba lake na maamuzi yake, watoto washiriki kazi na kupanga kazi. Hata umri wa kuanza shule alitaka usogezwe mbele, ili mtoto amalize akiwa amekomaa kidogo. Ukimsoma sambamba na Dewey utaona ni majirani. Kinachowatofautisha ni pa kuanzia: Dewey anaanza na mtoto halafu anafika kwenye jamii, Nyerere anaanza na jamii halafu anamtafutia mtoto nafasi ndani yake.

Nafasi hiyo inaweza kuharibiwa. Katika shule niliyosoma mimi, shamba lilikuwa adhabu. Ukichelewa unapalilia, ukisahau daftari unapalilia. Nilijifunza kuuchukia mhogo, na nyumbani kwetu mhogo ulikuwa chakula. Kazi inayomheshimu mtoto inampa sehemu ya mavuno na sehemu ya uamuzi. Na msichana anayebeba mdogo wake mgongoni asubuhi wakati wenzake wako darasani hatimizi wajibu wa ibara ya 31. Amenyimwa haki yake.

Mambo ambayo kibao hakikuambii

Jina la Montessori halilindwi na mtu mmoja. Yeyote anaweza kulipaka kwenye geti. Nimeingia kwenye nyumba yenye jina hilo nikakuta mnara wa waridi juu ya kabati, umefunikwa nailoni usipate vumbi, na watoto wamekaa mistari wakiimba ABC. Na nimeingia shule ya serikali isiyo na kibao chochote nikakuta mwalimu aliyechuchumaa ili macho yake yalingane na ya mtoto anayelia.

Idadi ni muhimu. Kiwango cha awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Mwaka wangu mgumu zaidi nilikuwa na 112. Katika darasa kama hilo kazi ya mmoja mmoja ya Montessori haiwezekani, asikudanganye mtu. Ya Froebel na Dewey inawezekana kwa jasho: makundi, nyimbo, kona, watoto wakubwa kuongoza wadogo, na uwanja. Sikuwafikia wote. Wapo ambao sura zao nilizishika mwezi wa tano, na hilo bado linaniuma.

Halafu basi. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku. Basi likipita Tabata saa 11 alfajiri, mtoto anaamshwa saa 10 na nusu. Ili apate saa 10 tu za usiku alipaswa kuwa amelala saa 12 na nusu jioni, wakati mama yake bado yuko kwenye foleni ya Buguruni. Hakuna picha ya mtoto, si udongo, si mche, si fundi, inayomfaa mtoto aliyelala kwenye kiti cha basi amekumbatia begi. Kwangu jambo hili peke yake linaweza kuikata shule nzuri kutoka kwenye orodha.

Tulivyochagua

Tulizitembelea zote tatu, na tulikwenda na mtoto, kwa sababu yeye ndiye atakayekaa humo. Shule ya basi ilikuwa safi sana, na picha za mahafali ya majoho madogo zimejaa ukutani. Watoto wa miaka mitatu walikuwa wakijaza mistari ya herufi, na aliyeomba maji kwa Kiswahili aliambiwa arudie kwa Kiingereza kwanza. Binti yetu alishika gauni la mama yake muda wote.

Shule ya serikali ilikuwa na watoto zaidi ya 80 na mwalimu mmoja mwanamke wa makamo, sauti imemkauka, lakini darasa lake lilikuwa hai. Vijiti, mbegu za ukwaju, duka la visoda kama langu. Nilitamani kumkumbatia. Kama tungekuwa tunamtafutia shule kaka yake, mvulana asiyeweza kupumua bila wenzake na asiyeogopa makelele, ningesema hapa, leo, na akiwa anarudi kwa miguu saa sita mchana apitie kwa bibi yake. Kwa mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo, na shule yenye mwalimu wa aina hiyo, asione anamnyima kitu kwa kutolipa ada.

Binti ni mtoto mwingine. Ni mkimya mbele ya wageni, anaweza kumimina maji kutoka kopo hadi kopo mpaka jua lihame, na makelele humfanya ajifunge. Katika ile nyumba yenye mwembe kulikuwa na watoto 22 na walimu wawili. Mvulana mmoja alimwaga maji mezani wakati tunazungumza. Hakuna aliyegeuka. Alikwenda kwenye ndoano iliyo usawa wa kifua chake, akachukua kitambaa, akafuta, akakikamua, akakirudisha. Binti aliachia gauni la mama yake, akasogea kutazama. Nilimuuliza mwalimu kuhusu hadithi, akasema huwa hawana. Nilimuuliza kuhusu Kiswahili, akasema watoto huongea wanachotaka.

Tukachagua pale, kwa mwaka mmoja kwanza, kwa makubaliano kwamba hadithi ni kazi ya bibi kila Ijumaa, na kwamba kutandaza jamvi la hadithi nyumbani ni zamu ya binti mwenyewe, asitandaziwe na mtu. Darasa la kwanza tutazungumza upya, kwa sababu mtoto wa miaka sita atakuwa mtu mwingine na huenda akahitaji makelele ya wenzake 80.

Jumatatu ya pili ya Januari, mdogo wangu alinipigia simu jioni, nyuma yake nikisikia maji. "Dada, huyu tangu amerudi hakai. Anataka nimpigilie msumari hapa chini, karibu na sinki." Msumari wa nini? "Anasema wa kutundikia kitambaa chake."